Kuchimbua Sarafu Bila Kuharibu Uwanja wa Nyasi

Sarafu iliyodondoka kwenye nyasi huzama polepole, na wanaoizamisha zaidi ni nyungunyungu. Minyoo hao hula udongo chini na kuutoa juu katika vijilima vidogo, usiku baada ya usiku, mpaka kitu kilichokuwa juu ya ardhi kinajikuta kimefunikwa. Charles Darwin alilipima jambo hili nyumbani kwake Kent, Uingereza. Mwaka 1842 alitandaza vipande vya chaki kwenye uwanda wa nyasi, na mtaro ulipochimbwa hapo mwaka 1871, tabaka la chaki lilikutwa sentimita 18 hivi chini ya uso. Si kila ardhi huenda kwa kasi hiyo. Kwenye udongo ulioshindiliwa au mahali pakavu pasipo na minyoo wengi, sarafu ya miaka 80 huweza kukutwa sentimita tatu tu chini ya majani.

Kwa mchimbaji, maana yake ni kwamba sarafu nyingi za bustanini zimelala kati ya sentimita 5 na 15, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya mizizi ya nyasi. Hakuna namna ya kuifikia sarafu bila kugusa mizizi. Kazi yote ni kuikata michache iwezekanavyo na kuirudisha mahali pake kabla haijakauka. Ukubwa wa jeraha huamuliwa na jambo moja kuliko yote: usahihi wa kujua sarafu ilipo kabla kisu hakijagusa ardhi. Anayekisia huchimba shimo la upana wa karai. Aliyetumia dakika mbili zaidi kupima hutoka na pande la udongo lisilozidi kiganja.

Ruhusa na majira

Utafutaji wa sarafu kwa ditekta ya metali umeshamiri zaidi Uingereza na Marekani, na kanuni nyingi za ustaarabu wake zimetoka huko. Ya kwanza ni ruhusa ya mwenye ardhi, na heri iwe ya maandishi, inayotaja pia kitakachopatikana kitagawanywaje. Bustani za umma hutofautiana mji kwa mji. Baadhi ya miji ya Marekani hudai kibali, mingine hukataza kisu na kuruhusu bisibisi pekee. Si ukorofi wa mabaraza ya miji. Mtunza bustani ndiye anayeziona duara za kahawia wiki mbili baada ya mgeni kuondoka, na ndiye anayeulizwa. Katika hifadhi za taifa za Marekani, hata kubeba ditekta iliyo tayari kutumika ni kosa. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1979, hairuhusu ditekta kwenye maeneo ya kale yaliyoorodheshwa na serikali bila kibali.

Mwenye nyumba anayesita hushawishika kwa vitendo kuliko kwa maneno. Watafutaji wazoefu hukata pande moja pembeni mwa uwanja, hulifunga, kisha humwita mwenyewe aje aonyeshe limekatwa wapi. Asipoliona, mazungumzo yamekwisha. Akiliona, pia yamekwisha.

Majira yana uzito kuliko vifaa. Udongo wenye unyevu wa wastani hukatika vizuri, pande lake hushikamana, na mizizi iliyokatwa hupata maji ya kuanzia upya. Udongo mkavu humeguka, na nyasi ambazo tayari zina kiu hufa zikikatwa mizizi hata kama shimo limefungwa kwa ustadi. Ndiyo maana kaskazini mwa Marekani na Uingereza kazi hii hupangwa majira ya kuchipua na ya vuli, huku viwanja vya watu vikiachwa wakati wa joto kali na ukame, na ardhi iliyoganda kwa baridi haiguswi kabisa. Afrika Mashariki kipimo ni mvua: wakati wa masika na wa vuli, siku moja au mbili baada ya mvua, tope likishakauka kidogo. Juu ya tope lenyewe magoti na viatu huacha mashimo kabla kisu hakijatoka mfukoni.

Aina ya nyasi nayo itazamwe. Ukoka hutambaa juu na chini ya ardhi, hivyo huziba pengo upesi. Nyasi za kikuyu, zilizotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na sasa zimejaa bustani za Nairobi, ni hivyo hivyo. Kwenye nyasi zinazoota kwa mafundo bila kutambaa, kama aina za feskiu zinazopandwa sana Ulaya na Marekani, pengo hubaki pengo mpaka mbegu ipandwe. Uwanja wa namna hiyo haustahimili makosa.

Kabla ya yote hayo, mwenye nyumba aulizwe kuhusu kilicho chini: mabomba ya vinyunyizio, nyaya za taa za bustani, waya wa uzio wa mbwa ambao mara nyingi hufukiwa sentimita chache tu, na bomba la gesi kama lipo. Waya mwembamba wa vinyunyizio hukatwa kwa kisu bila mkono kuhisi kitu, na habari zake hujulikana nyasi zikishakauka.

Vifaa

Mbali na ditekta yenyewe, vinahitajika vitu vichache: ditekta ndogo ya mkononi, kisu cha kuchimbia chenye ubapa imara na meno upande mmoja, mchokoo wenye ncha ya shaba ya njano, bisibisi yenye ncha butu, kipande cha turubai cha nusu mita, chupa ya maji, na mifuko miwili, mmoja wa sarafu na mmoja wa takataka. Sepetu na chepe havina kazi uwanjani. Hata kijiko cha bustani hakifai sana, kwa kuwa ubapa wake uliopinda hauwezi kukata ukuta ulionyooka.

Kuijua sarafu ilipo

Koili ya ditekta hutoa uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo ukipita kwenye metali, huzalisha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake ambao sehemu ya pili ya koili huupokea. Kwa kupima kuchelewa kwa jibu hilo, mashine hukadiria aina ya metali na kuionyesha kwa namba na mlio. Fedha na shaba hutoa namba za juu. Foili ya sigara hutoa za chini. Katikati kumejaa vishikio vya makopo ya soda, na kwa bahati mbaya pete nyingi za dhahabu zimo humo humo.

Namba hizo ndizo ulinzi wa kwanza wa nyasi, kwa sababu humwezesha mtafutaji kuamua asichimbe. Shambani palipolimwa inafaa kuchimba kila mlio. Kwenye uwanja wa mtu, mlio wa mashaka huachwa, na hasara ya kupoteza pete moja moja hukubaliwa. Historia ya sarafu husaidia pia. Senti moja ya Marekani ilikuwa ya shaba mpaka mwaka 1982, ilipobadilishwa kuwa zinki iliyopakwa shaba, na ile ya zinki husoma chini zaidi na huliwa na udongo mpaka ikawa na matundu. Sarafu za senti 10, 25 na 50 za kabla ya 1965 zina fedha asilimia 90. Za Uingereza zilikuwa na fedha asilimia 92.5 mpaka 1920, zikashuka hadi asilimia 50, kisha kuanzia 1947 fedha ikaondolewa kabisa. Anayeujua mtiririko huo hajisumbui kufungua ardhi kwa ajili ya kila namba ya katikati.

Mlio mzuri ukisikika, kazi ya kupima ndiyo kwanza inaanza. Koili hupunguziwa mwendo na kufupishiwa mzunguko, ikipita kulia na kushoto mpaka mlio unasikika katika upana wa vidole vichache tu. Mtafutaji huukumbuka mstari wa mlio huo kwa jicho, juu ya jani fulani au kokoto fulani. Kisha husogea robo ya duara na kupitisha koili kwa kukata njia ile ya kwanza, ili mistari miwili ifanye msalaba. Sarafu iko chini ya makutano. Mlio unaosikika vizuri upande mmoja na kupotea upande wa pili mara nyingi ni msumari uliolala au kizibo kilichopondeka, na hapo nyasi zimeokoka tena.

Mambo matatu hupotosha kipimo. La kwanza ni umbo la koili. Ile ya duara moja ndani ya jingine husikia zaidi katikati, kwa umbo la pia iliyogeuzwa, ilhali ile ya herufi D mbili zilizolaliana husikia kwenye mstari mwembamba kutoka mbele hadi nyuma. Mwenye koili ya aina ya pili hupata uhakika kwa kuirudisha nyuma taratibu huku akiitikisa, mpaka mlio unakatika ghafla. Sarafu iko mbele kidogo ya ncha ya koili. La pili ni sarafu iliyosimama ukingoni, ambayo ikiwa karibu na uso hutoa milio miwili badala ya mmoja. La tatu ni metali ya mtafutaji mwenyewe: viatu vyenye ncha ya chuma, kisu kilichowekwa chini karibu, funguo. Tatizo hilo ni la zamani kuliko ditekta za madukani. Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi mwaka 1881, Alexander Graham Bell aliletwa na mashine yake aitafute risasi mwilini, akashindwa, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba kitanda cha mgonjwa kilikuwa na springi za chuma.

Kipimo cha mwisho ni cha kimo. Koili huinuliwa sentimita kumi, kisha ishirini. Mlio wa sarafu hufifia upesi. Mlio usiotaka kufifia ni wa kitu kikubwa, pengine kopo zima au bomba, na kitu cha namna hiyo hakichimbwi uwanjani. Baada ya hapo ditekta ndogo ya mkononi hupitishwa juu ya nyasi zenyewe. Ikilia pale pale, sarafu iko karibu, ndani ya sentimita tano hivi, na kisu hakitahitajika.

Njia ya bisibisi

Kwa sarafu iliyo karibu na uso, shimo si lazima. Mchokoo huingizwa wima, taratibu, kwa shinikizo la vidole tu, mpaka uguse kitu. Mkono hujifunza tofauti haraka: jiwe hukwaruza, mzizi hudunda, sarafu hugota mara moja na kukataa. Ncha ya shaba ya njano huchaguliwa kwa kuwa ni laini kuliko chuma, ingawa hata hiyo inaweza kuacha alama kwenye sarafu ikisukumwa kwa nguvu.

Mchokoo ukiachwa hapo kama alama, bisibisi huingizwa kando yake mpaka karibu na kimo cha sarafu, kisha hutikiswa mbele na nyuma ili nyasi zifunguke kwa ufa mwembamba. Hutolewa, na kuingizwa tena kwa mshazari mpaka ipite chini ya sarafu, ndipo mpini unaposhushwa na sarafu ikainuka kupitia ule ufa. Mara nyingi hutoka na udongo kiasi cha kijiko cha chai. Ufa hubanwa kwa vidole kutoka pande mbili, na hakuna kilichokatwa isipokuwa nyuzi chache za mizizi.

Njia hii ina mipaka. Kupita sentimita saba mshazari unakuwa mrefu mno na bisibisi hulazimisha badala ya kuinua. Kwenye udongo mkavu haifanyi kazi, na kwenye wenye kokoto hukwaruza sarafu. Mahali ambapo sarafu ya thamani inatarajiwa, mtu aliyepewa uhuru wa kuchagua afadhali atumie kisu: nyasi huota tena, lakini mkwaruzo kwenye uso wa sarafu haufutiki.

Njia ya pande

Turubai hutandazwa kwanza, kando ya mahali patakapokatwa, kwa sababu udongo ukishamwagika juu ya nyasi hautoki wote tena. Nyasi hutenganishwa kwa vidole, kama zinavyotenganishwa nywele kabla ya kusukwa, ili kisu kiingie kwenye udongo bila kukata majani. Kisha hukatwa pande tatu za mraba, au nusu duara yenye umbo la kiatu cha farasi, upana wa sentimita 8 hadi 10, alama ya sarafu ikiwa katikati. Upande wa nne hauguswi. Huo ndio bawaba, na kwa kupitia huo pande la nyasi hubaki limeshikamana na uwanja na kuendelea kunywa maji.

Wengi hukata duara kamili wakidhani ni nadhifu zaidi. Duara linalingana vizuri siku hiyo, lakini halina kinacholishika. Ndege wanaotafuta minyoo hulipindua, mashine ya kukatia nyasi hulivuta, na jua hulikausha kutoka pande zote. Bawaba huzuia yote matatu, na pia hulirudisha pande katika mwelekeo wake ule ule bila kubahatisha.

Kuta zikatwe wima, na kina kifike sentimita kumi hata kama sarafu inadhaniwa kuwa juu zaidi. Hapa ndipo wageni wa kazi hii wanapokosea kwa nia njema: hukata ngozi nyembamba ya sentimita mbili au tatu wakiamini wanaihurumia nyasi, na kumbe wameiondoa kwenye udongo wake. Pande nene lenye mizizi na udongo hustahimili wiki ya jua. Lile jembamba hugeuka rangi siku ya pili. Kisu kisitumike kama jembe. Husukumwa chini kwa uzito wa mwili, kikatolewa, kikahamishwa, na meno yake hutumika pale tu kwenye mzizi mnene wa mti, ambao heri uachwe kabisa ukizidi unene wa kidole.

Kisu huingizwa upande ulio mkabala na bawaba, mpini hushushwa, na pande hufunguka na kulazwa nyuma. Ditekta ndogo hupimwa mahali pawili: tumboni mwa pande na ndani ya shimo. Mara nyingi sarafu imo katika pande lenyewe, na udongo humegwa kutoka chini kwa vidole mpaka itokee. Ikiwa iko shimoni, udongo hutolewa kidogo kidogo na kuwekwa kwenye turubai, huku ukipimwa. Mlio ukitoka ubavuni mwa shimo, mdomo wa shimo hautanuliwi. Kisu huingizwa chini ya ukingo na kukwangua kwa ndani, nyasi za juu zikibaki zilivyo. Sentimita 20 zikipita bila sarafu kuonekana, kwenye uwanja wa mtu ni busara kufunga. Kitu cha kina hicho kinahitaji shimo pana, na shimo pana halifichiki.

Kufunga

Kabla ya kufunga, shimo hupimwa mara nyingine, kwa kuwa sarafu mbili zilizodondoka kutoka mfuko mmoja hulala jirani. Misumari, vizibo na vipande vya foili vilivyotoka huingia kwenye mfuko wa takataka; kuvirudisha ni kumwandalia mtu mwingine sababu ya kukata nyasi hizo hizo.

Udongo hurudishwa kwa kuinua turubai kwa pembe zake mbili na kuumimina wote kwa mkupuo mmoja, kisha hushindiliwa kwa ngumi ili kusiwe na uvungu chini ya mizizi. Uvungu ni adui asiyeonekana. Mizizi inayoning'inia hewani hukauka, na mvua ya kwanza hulizamisha pande likaacha kishimo. Udongo ukipungua, huongezwa uliochukuliwa chini ya kichaka pembeni. Pande hufunikwa, hushindiliwa kwa wayo mzima wa mguu mara mbili au tatu, bila kukita kisigino. Usawa wake hupimwa kwa kiganja: lililoinuka hunyolewa na mashine ya kukatia nyasi mpaka kwenye shina, lililozama hutuamisha maji na kukwaza miguu ya watu. Mwisho majani huchanwa kwa vidole ili yafunike mstari wa kisu.

Halafu maji. Nusu lita ikimwagwa taratibu juu ya mahali palipokatwa, udongo hukaa na kushikana na mizizi. Mvua isipokuwepo, mwenye nyumba aombwe apanyweshe kwa siku chache zinazofuata, na aonyeshwe ni wapi. Ni jambo ambalo wengi hulikwepa kwa kuona aibu, wakati ndilo linalomwonyesha mwenye uwanja kuwa aliyekuja kuchimba anaelewa alichofanya.

Sarafu yenyewe

Kishawishi kikubwa ni kuisugua sarafu kwa kidole gumba ili mwaka usomeke. Chembe za mchanga zilizogandamana nayo hufanya kazi ya msasa, na msuguo mmoja unaweza kuondoa sehemu kubwa ya thamani yake kwa wakusanyaji. Huwekwa kwenye kikopo chenye pamba au udongo laini, ikasafirishwa na uchafu wake. Nyumbani hulowekwa kwenye maji yaliyochujwa madini, hata kwa siku kadhaa, na kusuuzwa. Ndimu, majivu, siki na dawa ya meno hung'arisha, na huko kung'ara ndiko kunakoiharibu: rangi ya kijani au kahawia iliyojengeka kwa miaka ndiyo ngozi ya sarafu ya shaba, na haina mbadala.

Zinapokutwa nyingi

Afrika Mashariki sarafu za zamani zipo, na za namna nyingi: pesa za shaba za kampuni ya Wajerumani zilizotolewa kuanzia 1890, heller zilizofuata mwaka 1904, senti za Waingereza zenye tundu katikati, na zile adimu zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, zikiwamo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Masimulizi ya mali ya Mjerumani iliyofukiwa yamewafanya watu kuchimba kuta za maboma na hata makaburi, kwa sururu na bila ruhusa ya yeyote. Kilichopatikana kwa njia hiyo ni mashimo.

Sheria nazo zipo. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuchimba kwa ajili ya kuvitafuta kunahitaji leseni. Zanzibar ina sheria yake yenyewe. Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inaweka mpaka wa 1895. Kwa hiyo sarafu ya shaba ya masultani wa Kilwa si mali ya aliyeiokota, hata akiiokota nyuma ya nyumba yake. Uingereza, sheria ya hazina ya mwaka 1996 inahesabu kuwa hazina sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye umri unaozidi miaka 300 zilizokutwa pamoja, na kumi au zaidi zikiwa za metali duni. Aliyezipata ana siku 14 za kuzitolea taarifa. Uskoti ina utaratibu wake, ambao unataka vitu vyote vya kale vilivyookotwa viripotiwe.

Sababu ya sheria hizo inaonekana vizuri zaidi kwenye chimbo kuliko kwenye maandishi. Sarafu zaidi ya 2,000 za fedha zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zinasema mengi juu ya biashara na utawala wa pwani kwa sababu wanaakiolojia walizikuta zilipokuwa zimelala, pamoja na vilivyokuwa jirani nazo. Novemba 1992, huko Hoxne, Suffolk, Uingereza, Eric Lawes alikuwa akitafuta nyundo ya rafiki yake iliyopotea shambani. Ditekta ikaonyesha fedha na dhahabu ya Kirumi. Alichimbua kiasi, akaacha, akatoa taarifa, na wataalamu waliofika walikuta sehemu kubwa ya mzigo ikiwa bado imepangwa kama ilivyofukiwa: karibu sarafu 15,000, vijiko, vito, na mabaki ya sanduku lililovihifadhi. Nyundo nayo ilipatikana, na iko British Museum pamoja na hazina.

Kwa hiyo sarafu ya pili na ya tatu ya kale zikitokea katika shimo moja, kisu kiwekwe chini. Zilizobaki ziachwe zilivyo, pande lifungwe na kumwagiwa maji, mahali pawekewe alama, na mwenye ardhi pamoja na ofisi ya mambo ya kale wapewe taarifa siku hiyo hiyo.